Usisubiri goti livimbe: tunavyochoma fakta nyumbani, mimi na mpwa wangu

Dada, nimesoma swali lako jana usiku nikaona siwezi kukujibu kwa mistari miwili. Umesema mwanao ana miaka 4 na kilo 16, amegundulika na hemofilia A kali, ule ugonjwa wa damu kutoganda ipasavyo, mmerudi Kahama kutoka Mwanza na vichupa vinne vya fakta, yaani dawa ya protini inayosaidia damu kuganda, vya yuniti 250 kila kimoja, na nesi alikuonyesha kuchoma mara moja tu. Unauliza umchome lini, usubiri avimbe ndipo uwe na uhakika au vipi. Ukikosa mshipa ufanyeje. Umeme ukikatika dawa itaharibika? Halafu ukaongeza kwamba baba yake anaogopa dawa hiyo isije ikawa na virusi kwa sababu inatokana na damu, na mama mkwe anasema ugonjwa umetoka kwenu.

Mimi mwenyewe nina hemofilia A kali, nina miaka 36, naishi Tanga. Mpwa wangu wa miaka 7, mtoto wa dada yangu, ana ugonjwa huo huo na tunaishi nyumba moja. Kwa hiyo sindano hii naijua pande zote mbili, nikijichoma na nikimchoma yeye. Mimi si daktari, na hesabu za dozi nitakazozitaja uzihakiki na daktari wenu wa damu. Lakini jambo moja nalisema bila kusitasita, kwa sababu nimelilipia kwa goti langu la kulia ambalo halijanyooka tangu nikiwa na miaka 13: usisubiri uvimbe.

Kabla goti halijavimba, mwenye goti anajua. Damu inapoanza kuvuja ndani ya kiungo, mwanzoni haiumi. Unasikia kama joto linatambaa, kama ganzi inayotekenya, kana kwamba siafu wamejipanga wanapita nyuma ya kifuniko cha goti. Ukilitazama, halina kitu. Baada ya saa moja au mbili linakuwa zito, halitaki kukunjwa mpaka mwisho. Baadaye ndipo linapata moto, linavimba, linang'aa, na maumivu yake sina mfano wa kukupa. Sasa wewe ukisubiri hapo ndipo uwe na uhakika, umesubiri mpaka kiungo kimejaa damu. Dawa utakayomchoma itazuia isiendelee kuvuja, lakini ile iliyokwisha kuingia itakaa mle siku nyingi ikila gegedu. Utando wa ndani ya kiungo nao unavimba na kuota vijishipa vipya dhaifu, ambavyo vinapasuka kwa jambo dogo tu. Ndiyo maana goti lililovuja mara tatu nne linazoea, likawa linavuja lenyewe hata mtoto akiwa amekaa.

Mwaka jana, saa nane usiku, mpwa wangu aliniamsha kwa kunigusa bega. Akasema, "Mjomba, siafu wameingia." Nikawasha taa nikaliangalia goti lake la kushoto. Lilikuwa sawasawa na la kulia, jembamba, hata joto halijapanda. Mtu mwingine angemwambia akalale, wataona asubuhi. Nilitoa vichupa viwili kwenye friji, nikavipasha viganjani, nikamchoma yuniti 500 pale pale kitandani mama yake akiwa ameshika tochi, maana taa ya chumba chao ni hafifu. Nusu saa baadaye alikuwa amelala. Asubuhi goti lilikuwa jembamba vile vile. Nilimzuia kukimbia siku mbili, tukawekea barafu iliyofungwa kwenye taulo dakika 15 hivi kila baada ya saa chache, basi.

Mimi siafu hao hao waliniingia jioni ya Ijumaa nikiwa na miaka 13. Marehemu mama alinikanda kwa maji ya moto na chumvi usiku kucha, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Kukanda kwa moto kunafungua mishipa. Kila alipobonyeza ndivyo nilivyozidi kuvuja, na hakuna aliyemwambia. Jumatatu nikapelekwa hospitali goti limekuwa kama nazi. Nililala wodini wiki tatu nikiongezewa plazima, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake. Nilipotoka, mguu ulikuwa umekunja na umebaki hivyo. Naomba sana, mtu yeyote nyumbani kwako asimkande mtoto huyo kwa maji ya moto wala kumchua dawa, awe bibi, awe jirani.

Nimetaja plazima kwa makusudi, ili uelewe ulichonacho kwenye friji. Mililita moja ya plazima ina takriban yuniti moja ya fakta 8. Ukitaka yuniti 500 unahitaji karibu nusu lita, na mtoto wa kilo 16 huwezi kummiminia kiasi hicho kwa haraka bila kumlemea moyo na mapafu. Kulikuwa pia na krayo, ile inayotengenezwa kwa kuyeyusha plazima iliyogandishwa polepole kwenye ubaridi na kukusanya utando unaobaki chini. Judith Pool wa Marekani ndiye aliyeigundua miaka ya 1960 na imeokoa wengi, mimi nikiwemo. Ila huwezi kuichukua ukaenda nayo Kahama. Nilikuwa na miaka 25 nilipoona kwa mara ya kwanza kichupa cha fakta: unga mweupe kidogo sana chini ya kioo, ukiyeyushwa ni mililita chache, unaingia wote kwenye bomba dogo la sindano. Nilikitazama nikamkumbuka mama.

Hesabu yake ni hii, na uiandike ukutani. Yuniti moja ya fakta 8 kwa kila kilo ya uzito inapandisha kiwango cha fakta mwilini kwa takriban asilimia 2 ya kiwango cha mtu asiye na ugonjwa huu. Mwanao ana kilo 16. Kichupa kimoja cha 250 kinampandisha hadi kama asilimia 31, viwili kama 62. Kwa goti lililoanza tu kutekenya, daktari wako atakuambia ni kimoja au viwili; na akishakutajia, choma kichupa kizima, usichome nusu ukamwaga nusu. Lakini akigonga kichwa, kiwango kinatakiwa kifike asilimia 80 hadi 100, yaani yuniti 800 hivi. Hizo ni zote nne. Kwa hiyo, dada, akiba yako yote ya friji ni dozi moja tu ya kichwa. Ukitumia kichupa kimoja leo, kesho asubuhi piga simu kliniki kuomba kingine, usingoje kubaki na kimoja.

Na fakta haikai. Kwa mtu mzima, baada ya saa 8 hadi 12 nusu yake imekwisha, na kwa mtoto mdogo inaisha haraka zaidi. Ndiyo sababu mtoto aliyevuja vibaya anachomwa tena kesho yake, na ndiyo sababu ya kinga, yaani kuchoma kwa ratiba hata kama hajavuja. Mpwa wangu ana kilo 22, anachomwa yuniti 250 kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi kabla ya shule. Ni dozi ndogo ukilinganisha na wanazopata watoto wa Ulaya, ila kiwango kikipanda juu ya asilimia moja tu kwa sehemu kubwa ya wiki, kuvuja kwenyewe-kwenyewe kunapungua sana. Zamani alikuwa akivuja karibu kila mwezi. Mwaka jana wote ni mara mbili. Muulize daktari wenu kuhusu kinga kwa jina lake, usisubiri akuletee yeye.

Sasa sindano yenyewe. Kwanza kabisa, usimchome peke yako mpaka umefanya mbele ya nesi mara kadhaa naye akaridhika. Dozi za mwanzo mwanzo lazima ziwe hospitali, maana kuna watoto wachache wanapata mzio: vipele, kuwashwa, kifua kubana. Akionyesha dalili hizo unaacha kuchoma palepale.

Nikishanawa mikono kwa sabuni, natandika kitambaa safi juu ya meza na kupanga vitu kwa mpangilio ule ule kila siku, ili hata umeme ukikatika mkono ujue kila kitu kiko wapi. Kichupa cha unga, kichupa cha maji yake, kiunganishi, bomba la sindano, sindano ya kipepeo, mpira wa kufunga mkono, pamba yenye spiriti, pamba kavu, plasta. Nasoma tarehe ya mwisho na idadi ya yuniti kwa sauti, mpwa wangu ananisikiliza. Vichupa nimevitoa kwenye friji kama dakika 20 kabla, maana dawa ya baridi haiyeyuki vizuri na mtoto anaisikia ikipita mkononi. Usivitie kwenye maji ya moto. Napangusa vifuniko vya mpira kwa spiriti, naacha vikauke, sipulizi kwa mdomo.

Kwa vifaa vingi, kiunganishi unakianzia kwenye kichupa cha maji, ndipo unakigeuza na kukichoma kwenye kichupa cha unga. Kichupa cha unga ndani kina mvuto, kinanyonya maji chenyewe. Ukianzia upande wa unga, hewa inaingia, mvuto unapotea, na maji yanabaki juu. Mimi nilipoteza kichupa kizima hivyo siku za mwanzo, nikakaa chini nikalia kama mtoto. Karatasi iliyo ndani ya boksi ina picha. Kila aina ya fakta ina vifaa vyake, kwa hiyo ukibadilishiwa aina, kaa usome upya kana kwamba hujawahi kuchoma.

Maji yakishaingia, hiyo ni kazi ya mpwa wangu. Anakishika kichupa kati ya viganja na kukizungusha taratibu, kama mtu anayezungusha kikombe cha uji ili upoe. Usikitikise. Ukitikisa kinatoa povu na protini yenyewe inaharibika. Anaangalia juani mpaka hakuna punje, maji maangavu kabisa. Ananiambia, "Tayari, Mjomba." Nampa kazi hiyo kwa sababu mtoto anayeshiriki haogopi kama mtoto anayeshikwa. Mwanao wa miaka 4 anaweza kushika plasta na kuhesabu.

Mshipa ndio unaokutisha, najua. Nikueleze ninavyofanya. Usiku uliotangulia na asubuhi ile anakunywa maji ya kutosha. Mtoto asiyekunywa maji mishipa inajificha. Nachovya mkono wake kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika tano. Nafunga mpira, si kwa kukaza mpaka mkono ubadilike rangi. Kisha situmii macho, natumia kidole: mshipa mzuri unaubonyeza unadunda kurudi, kama mpira laini chini ya ngozi. Kwa watoto wadogo mara nyingi ni nyuma ya kiganja au kwenye kunjo la kiwiko. Natumia kipepeo namba 25, ndiyo nyembamba. Naivuta ngozi kidogo kwa dole gumba ili mshipa usikimbie, sindano imelala, siyo imesimama, na naingia bila kusita. Kusita ndiko kunakouma. Ukiwa ndani, damu inachungulia kwenye mrija. Hapo ndipo moyo wangu unashuka kifuani mahali pake, hadi leo, baada ya miaka yote hii.

Fungua mpira kwanza, ndipo usukume dawa. Ukisahau kufungua, mshipa unaweza kupasuka. Sukuma polepole, mililita chache hizo zichukue dakika tatu hadi tano. Pembeni mwa sindano pakivimba au mtoto akisema panachoma, umetoka nje ya mshipa, simama. Ukimaliza, toa sindano na ubonyeze kwa pamba kavu dakika tano kamili bila kuchungulia, mkono ukiwa umenyooka. Watu wanapenda kukunja kiwiko juu ya pamba. Inaacha alama nyeusi na kuharibu mshipa utakaouhitaji wiki ijayo. Mishipa ya mtoto huyu ni ya maisha yake yote, itunze, badilisha mikono.

Ukikosa mara mbili, acha. Usiendelee kumtoboa. Dawa iliyokwisha kuchanganywa kwa aina nyingi inafaa kwa saa tatu tu, na hairudishwi kwenye friji, lakini saa tatu ni nyingi: ichukue na bomba lake likiwa limefungwa, panda bodaboda uende zahanati ambako umeshafanya urafiki na nesi mwenye mkono mwepesi. Urafiki huo uanze wiki hii, kabla ya shida. Nenda na mtoto, mweleze ugonjwa, muonyeshe kichupa. Mimi wa kwangu nilimpata kwa kumpelekea nakala ya ile karatasi ya picha, na sasa ananipigia yeye kuuliza mtoto anaendeleaje. Sindano zilizotumika ziweke kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko na uzirudishe huko huko. Usizitupe kwenye shimo la taka watoto wanakochezea.

Kuhusu friji. Fakta inakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na adui wake mkubwa ni barafu kuliko joto. Ikiganda imekufa, hata kama ukiiyeyusha inaonekana nzuri. Isiwe karibu na sehemu ya kugandisha, isiwe mlangoni. Iweke rafu ya katikati ndani ya kontena lenye mfuniko. Aina nyingi zinaruhusiwa kukaa nje ya friji kwa muda fulani kama joto halizidi nyuzi 25 au 30, wiki kadhaa au hata miezi, kutegemea aina. Muda huo umeandikwa kwenye ile karatasi. Ukishaitoa kwa mpango huo, andika tarehe kwenye boksi na usiirudishe. Kwa hiyo umeme ukikatika kwa muda wa saa sita usihangaike, usifungue friji tu. Ukikatika siku nzima, na huko kwetu Tanga mwezi wa pili joto si mchezo, mimi nina kiboksi cha kubebea chanjo chenye vipande vya barafu, ila vichupa navifunga kwenye taulo visigusane na barafu. Kwenye basi pia, kiboksi kinakaa mapajani mwangu. Hakiendi kwenye buti.

Nunua daftari. Kila sindano andika tarehe, saa, kilo, kiungo, yuniti, na ubandike ile stika ya kichupa yenye namba ya toleo. Fakta tunayoipata sisi kwa sehemu kubwa ni msaada unaopitia Shirikisho la Hemofilia Duniani, lile lenye makao Montreal, lililoanzishwa mwaka 1963 na Frank Schnabel, mgonjwa mwenzetu. Ndiyo maana siku yetu duniani ni Aprili 17, siku yake ya kuzaliwa. Msaada unaendelea kuja kwa sababu kila kichupa kinaandikiwa ripoti. Mzazi anayeleta daftari limejaa anamrahisishia daktari kumwombea mtoto wake zaidi, na zaidi ya hapo, daftari ndilo linaloonyesha kama kuna goti moja limeanza kuzoea.

Daftari litakuonyesha jambo jingine. Katika kila watoto 100 wenye hemofilia A kali, karibu 30 mwili wao unaitengenezea dawa hii kingamwili ya kuipinga, inaitwa inhibita, na wengi inawatokea ndani ya siku 50 za kwanza za kuchomwa. Kama dozi iliyokuwa ikimtosha sasa haimsaidii, usiongeze mwenyewe. Rudi Mwanza, omba kipimo cha inhibita. Kuna dawa nyingine kwa ajili yao, na ipo pia emicizumab inayochomwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki au hata kwa mwezi, ambayo kwa hemofilia A imebadilisha maisha ya watoto wengi. Lakini nayo ni ya kinga, ile ya kuchoma kwa ratiba. Akiumia sana bado daktari anaweza kuhitaji kumpa fakta au dawa nyingine ya kuzuia damu.

Kichwa nimekitaja juu juu, nirudi. Miaka michache iliyopita tulikuwa safarini, mpwa wangu akateleza bafuni kwenye nyumba ya kulala wageni akagonga kisogo. Hakupasuka, hakulia sana. Nilikimbia naye hospitali ya karibu, sitaitaja, nikiwa na kiboksi changu. Waliniambia dawa ya kutoka nje haichomwi hapo mpaka daktari mkuu aione, na kwamba lazima kwanza apigwe picha ya kichwa ili ijulikane kama kuna damu. Niliwaeleza kwamba kwa ugonjwa huu fakta inatangulia, picha inafuata. Nesi akaniambia nisimfundishe kazi. Mtoto akaanza kusinzia. Dada, nilitandaza taulo kwenye benchi la korido, nikanawa mikono kwa spiriti, nikachanganya vichupa vyote nilivyokuwa navyo na kumchoma pale pale watu wakitutazama. Picha ilipigwa saa nne baadaye, ikawa safi. Mikono ilianza kunitetemeka baada ya hapo, siyo kabla.

Tangu siku ile sitoki nyumbani bila barua ya kliniki yenye muhuri: jina la ugonjwa, aina ya fakta, dozi ya goti, dozi ya kichwa, simu ya daktari, na maneno makubwa kwamba achomwe fakta kabla ya kipimo chochote. Iombe kliniki ijayo, itie plastiki, nakala moja ikae shuleni akianza. Barua hiyo hiyo iseme asipewe asprini, ibuprofeni wala diklofenaki, na asichomwe sindano ya takoni. Maumivu ni paracetamol. Mimi nilichomwa diklofenaki ya tako mara moja, nikapata uvimbe wa damu mkubwa kama papai na nikashindwa kukaa mwezi mzima. Chanjo zake asiache hata moja, ila zichomwe kwa sindano nyembamba kabisa na ubonyeze dakika 10. Na akilalamika nyonga haitaki kunyooka, au shingo au koo limeanza kujaa, hizo zihesabu sawa na kichwa.

Mwambie baba yake hivi. Hofu yake ina msingi. Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, fakta iliyotengenezwa kwa kuchanganya plazima za maelfu ya watu iliwaambukiza HIV na homa ya ini maelfu ya wagonjwa wenzetu Marekani, Uingereza, Ufaransa na kwingineko. Wengi walikufa. Kutokana na vifo hivyo, fakta ya plazima sasa inapitishwa kwenye joto na kemikali zinazoua virusi hivyo, na tangu mwaka 1992 kuna fakta isiyotokana na damu ya mtu, inayozalishwa na seli maabara. Kwenye boksi lenu imeandikwa ni ya aina gani, msome pamoja.

Kuhusu mama mkwe, nataka nikwambie ya kwetu. Kaka yake mama yangu alifia jandoni kabla mimi sijazaliwa. Hakuacha kutoka damu. Wazee walisema kuna mtu kavunja mwiko, na bibi yangu alibeba lawama hiyo hadi kaburini. Mimi nilipotahiriwa nilivuja siku 11. Hakuna aliyerogwa. Maelekezo ya fakta 8 yamo kwenye kromosomu ya X. Mwanamume anayo moja tu, kwa hiyo ikiwa na kasoro anaugua, na mwanamke anazo mbili, kwa hiyo mara nyingi anaibeba bila kujua. Mwanamke mbebaji, kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu. Na karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana mtu mwingine katika ukoo mwenye ugonjwa, kasoro imeanzia kwao au kwa mama zao. Hukuchagua kumpa, kama vile mtu hachagui urefu wa mwanawe. Dada yangu alilia miaka miwili kwa kosa ambalo si lake, na mimi nina binti wa miaka 3 ambaye ni mbebaji kwa hakika, kwa sababu X yangu ndiyo hii hii moja. Tayari nimeomba kiwango chake kipimwe, maana wabebaji wengine nao wanatoka damu nyingi, hedhi zao zinawachosha na hakuna anayewasikiliza. Wewe mwenyewe omba upimwe, hasa kama utazaa tena. Na tohara ya huyu mdogo isifanyike nyumbani wala kwa ngariba. Mpwa wangu alifanyiwa hospitali, kwa mpango wa daktari wa damu, fakta kabla na siku kadhaa baada yake, na alipona kama mtoto mwingine yeyote.

Leo kabla hajalala, muulize anasikiaje mwilini pale anapoanza kuumwa. Atakupa neno lake. La mpwa wangu ni siafu, kuna mtoto mmoja kliniki yeye husema "soda", kwa ule mchomo wa mapovu. Likariri neno hilo, mfundishe baba yake, mfundishe na mama mkwe, na mwambie mtoto kwamba akilisema hata saa nane usiku hakuna atakayemgombeza. Nami Jumapili na Jumatano usiku huwa macho nikipanga vitu vya sindano ya asubuhi, kwa hiyo ukikwama siku hizo andika hapa hapa, nitaona.